Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Ni Vigumu Kuihama WhatsApp?

SWALI: Mwaka jana niliamua kuachana na WhatsApp na kuhamia Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, kwa kuwa sikupenda kampuni moja ijue ninawasiliana na nani na saa ngapi. Miezi miwili haikutimia. Alipofariki mama mkubwa wa mume wangu, saa ya mazishi ilibadilishwa kutoka alasiri kuwa adhuhuri, na tangazo likapita kwenye kundi la ukoo. Nilipofika msibani, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, nami sikumuaga marehemu. Jioni hiyo hiyo nikarudi WhatsApp. Je, huu ni udhaifu wangu?
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Pole sana mama, kwa msiba na kwa kukosa kumuaga marehemu. Udhaifu hapo siuoni. Mtu akihama benki, uamuzi ni wake na fedha zake anahama nazo. Lakini thamani ya njia ya mawasiliano imo kwa watu waliomo ndani yake, na hao hawahamishiki kwa uamuzi wa mmoja. Signal uliipata kwa dakika chache. Shangazi, mwalimu wa darasa na mweka hazina wa kikoba walibaki walikokuwa, kila mmoja akisubiri wenzake watangulie.

Hayo yalidhihirika dunia nzima mwaka 2021. Mwezi Januari, WhatsApp iliwataka watumiaji wake, ambao walikuwa wameshazidi bilioni 2, wakubali masharti mapya ya faragha kabla ya tarehe 8 Februari. Malalamiko yakawa makubwa hata kampuni ikaisogeza tarehe hiyo hadi 15 Mei. Telegram ilitangaza kupata watu wapya milioni 25 ndani ya saa 72, nayo Signal ikafurika wageni kiasi kwamba tarehe 15 Januari mitambo yake ilizidiwa. Hata hivyo, wengi waliopakua programu mpya hawakuifuta ile ya zamani, kwa sababu makundi ya familia na ya kazi hayakuondoka WhatsApp.

Hapa kwetu kuna pia suala la gharama. Baadhi ya vifurushi vya bei nafuu huhusu programu chache maarufu tu, hivyo anayetumia nyingine hulazimika kununua kifurushi cha kawaida.

Lakini hali haikupaswa kuwa hivi. Mwenye laini ya Vodacom humpigia mwenye Airtel bila hata kufikiri, na tangu mwaka 2011 nchini Kenya na 2017 nchini Tanzania, mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Hayo yaliwezekana kwa sababu kampuni za simu zilibanwa na kanuni. Umoja wa Ulaya umeanza kufanya vivyo hivyo: tangu Machi 2024, sheria yake ya masoko ya kidijitali inaitaka WhatsApp ifungue mlango ili watumiaji wa programu nyingine zinazoomba kuunganishwa waweze kuandikiana na watumiaji wake. Naamini kwa dhati kwamba wasimamizi wa mawasiliano wa Afrika Mashariki wanapaswa kudai jambo hilo hilo, maana anayepoteza hapa ni mtu kama wewe.

Kwa sasa, usihame peke yako. Anza na wale unaozungumza nao kila siku, yaani mume wako na dada zako. Watu watano wakihama pamoja, mazungumzo yenu ya ndani yatakuwa yamehama. WhatsApp ibakize kwa matangazo tu. Kisha uombe ukoo ukubaliane kwamba habari ya kifo na badiliko lolote la saa ya mazishi vitumwe pia kwa ujumbe wa kawaida wa simu, ambao hufika bila intaneti. Nadhani utaungwa mkono haraka, kwa sababu katika kila ukoo yupo mzee mwenye kitochi ambaye kundi hilo limemwacha nje siku zote.

SWALI: Nilifuta Facebook kwenye simu yangu, lakini jamaa zangu bado wanaziona picha zangu. Nifanyeje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ulichofuta ni programu tu, akaunti ingali hai. Ingia tena, upakue kwanza nakala ya picha zako, kisha uombe akaunti ifutwe kabisa kupitia mipangilio. Kampuni hukupa siku 30 za kughairi, na ukiingia ndani ya muda huo unaweza kulisimamisha ombi lako. Baada ya hapo, kuondolewa kwa taarifa zote kunaweza kuchukua hadi siku 90. Kabla ya yote, kumbuka ni huduma zipi nyingine unazoingia kwa kutumia akaunti hiyo ya Facebook, uzibadilishie njia ya kuingilia, la sivyo huenda ukafungiwa nje ya hizo pia.