Stima ikishuka, kompyuta zinavuta ampea zaidi

Usizichomeke hizo mashine kwanza. Umeuliza kama soketi moja inatosha saiba yako ya kompyuta 12 pale mtaani Pipeline. Kisha ukasema fundi amekuhakikishia kwamba jioni stima ikishuka hadi volti 180, kompyuta nazo "zitavuta kidogo". Huyo fundi anakupeleka kwa moto.

Anachosema ni kweli kwa birika. Birika la wati 2000 kwa volti 240 huvuta ampea 8.3, kwa 180 huvuta 6.25, na maji yanachelewa kuchemka. Kompyuta si birika. Pawa saplai yake, kile kisanduku cha ndani kinachopokea stima, lazima ilishe mashine wati zile zile, kwa hivyo volti zikipungua inavuta ampea zaidi.

Piga hesabu. Deskitopu na skrini yake ikila wati 150, zote 12 ni 1800. Kwa 240 ni ampea 7.5, kwa 180 ni 10. Joto la waya hufuata mraba wa ampea, kwa hivyo waya ule ule unachemka karibu asilimia 78 zaidi. Na hapo nimekuhesabia mashine nzuri. Deskitopu kuukuu za mitumba mara nyingi pawa fakta yake (sehemu ya mkondo unaovutwa inayofanya kazi kweli) ni kama 0.65: gawanya 1800 kwa 0.65, halafu kwa 180. Ampea 15.4 kwenye soketi ya 13! Usingoje fyuzi ya plagi ikuokoe. Fyuzi ya 13 hubeba 15 muda mrefu bila kukatika, huku ekstensheni uliyoiacha imeviringwa ikilainika.

Kama fundi amevuta waya wa milimita mraba 1.5 kwa mita 30, kwenda na kurudi ni kama ohmu 0.73. Ampea 15 zinapotezea njiani volti 11. Soketi inabaki na 169, na kompyuta zinazidi kuvuta.

Wanaokuuzia stabilaiza kama dawa ya haya yote wananiudhi hata kuliko fundi. Inapandisha volti upande wa kompyuta tu. Upande wa ukutani inavuta nguvu ile ile pamoja na inayopotea ndani yake. Mashine hazitazimika, lakini waya utaendelea kuchemka.

Hesabu ampea kwa volti ya chini kabisa unayopata, kamwe si kwa 240. Pima kwenye soketi saa moja hadi saa tatu usiku, mashine zote zikiwa kazini. Kisha gawa: laini mbili za waya wa 2.5 kutoka DB (kisanduku cha breka), kila moja na breka yake ya ampea 20 na kompyuta sita. Printa ya leza ipe laini yake, kwa sababu hita yake huvuta kwa vishindo. Ukipima ampea kwa klampu mita, ile ya kubana waya kwa nje, izungushe waya wa laivu peke yake. Ukishika laivu na nyutro pamoja itasoma sifuri. Na iwe imeandikwa True RMS, maana zile za bei rahisi husoma chini ya ukweli kwa mkondo wa kompyuta.