Kura ya mbunge utaijuaje
Mkuu unayeuliza mbunge wako alipigaje kura tozo za miamala ya simu 2021, kule bungeni Dodoma mengi yanapita kwa sauti tu, ukumbi mzima "ndiyooo" halafu unasikia walioafiki wameshinda, jina la mtu halibaki popote. Bajeti kuu ndo wanaitwa mmoja mmoja, na hapo kusema hapana ni ishu maana kwa ibara ya 90 ya Katiba Rais anaweza kuvunja Bunge bajeti ikigomewa, nani anataka kurudi kuomba kura mapema hivyo? We pakua Hansadi (kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni) ya Juni 2021 kwenye tovuti ya Bunge, usome alichochangia. Wa kwetu alikuja kijiweni akalaani tozo wee mpaka jasho, kumbe kwenye Hansadi kamaliza na "naunga mkono hoja" 😂