Jibu kwa aliyeuliza namna ya kuwa na huruma bila fedha wala muda

Ndugu mleta mada, umesema mshahara haukutoshi, muda huna, na shida za watu zinakuelemea mpaka unaona bora usitazame. Tena mwenzako wa kazini amefiwa na mkewe na hujui umwambie nini. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Nilimuuguza baba yangu hospitalini kwa zaidi ya miezi miwili. Simu zilipigwa nyingi, na karibu wote walimalizia hivi: "Ukihitaji chochote, usisite kuniambia." Sina kinyongo nao, walisema kwa moyo. Ila mtu aliyekesha siku tatu hana akili ya kupanga nani aombwe nini. Nilijibu ahsante, nitakuambia, na sikumwambia hata mmoja.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama akimuuguza mumewe. Alfajiri moja alinitazama, akasema, "Mwanangu, nenda kalale. Mimi nipo macho hadi saa nne, babako nitamwangalia." Nikataka kubisha, akanichukua taulo mkononi. Niliporudi nilimkuta kamshika baba mkono, anamkata kucha kwa mkasi mdogo. Mimi nilikuwa namwogesha baba, namgeuza, namlisha, na sikuwahi kuona kucha zile zilivyorefuka! Alikata taratibu, akimaliza kidole anakipangusa kwa kitambaa ndipo anashika kingine. Baba alikuwa hajatamka neno tangu juzi yake. Aliuinua mkono, akaugeuza huku na huku akiutazama, akasema, "Naam." Mpaka leo likitajwa neno huruma, mimi naona ule mkono.

Yule mama naye alikuwa na mgonjwa wake. Ndiyo maana sikubaliani nawe unaposema huna cha kutoa.

Suala la muda ni zito zaidi, na hapo uko sahihi kulitaja. Mwaka 1973 huko Marekani, John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa theolojia pale Princeton. Kila mmoja aliambiwa aende jengo jingine kuzungumza machache, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema. Njiani alikuwa amewekwa mtu kajikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Katika kundi lisilokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Katika kundi lililoambiwa limechelewa, asilimia 10 tu. Kwenda kumhubiri Msamaria hakukuwasaidia sana. Nilijiona humo. Tangu hapo natoka nyumbani dakika ishirini kabla ya muda ninaopaswa kutoka, basi. Mlinzi wa ofisini, niliyempungia mkono miaka minne, ndani ya wiki mbili nikajua kwamba hawezi kusoma barua anazotumiwa na shule ya mtoto wake. Sasa tunazisoma pamoja asubuhi.

Na huko kuelemewa, usijilaumu. Watafiti Tania Singer na Olga Klimecki wanatenganisha kuumia pamoja na mtu, ambako kukizidi kunakuchosha na kukufanya ukimbie, na kumtakia nafuu ukiwa tayari kumsaidia, ambako kunakupa nguvu. Naamini ndivyo ilivyo, kwa sababu yule mama hakulia pamoja nami hata siku moja. Aliangalia kinachohitaji kufanywa.

Sasa mwenzako. Usimuulize anahitaji nini. Siku hizi za mwanzo nyumba yake imejaa watu. Ngoja watawanyike, wiki ya tatu au ya nne, wakati simu nazo zimenyamaza. Mwambie siku na saa: "Jumamosi saa nne nakuja, nitakusaidia kufua nguo za watoto." Akisema siku hiyo haimfai, mpe nyingine. Ukifika fua kweli, usikae ukingoja mazungumzo, yakija yatakuja.

Na mkewe mtaje kwa jina. Baba alipofariki, watu walilikwepa jina lake mbele yangu wakihofia kunikumbusha msiba, na mimi nilikuwa natamani kulisikia. Mtu mmoja tu alinisimulia jinsi baba alivyomfundisha kuendesha baiskeli, na jioni ile nililala usingizi kwa mara ya kwanza.

Ukishaenda, rudi hapa utuambie anaendeleaje.