Marshall na askari wasiofyatua

SWALI: Nimesoma kwamba katika Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa miguu wa Marekani hawakufyatua risasi. S.L.A. Marshall, mwanahistoria wa jeshi la Marekani, alijuaje?

JIBU: Mbinu yake, aliyoanza kuitumia kisiwani Makin, katika Bahari ya Pasifiki, Novemba 1943, ilikuwa nzuri: anawakusanya walionusurika wa kikosi kimoja, anawahoji pamoja hatua kwa hatua, na kuruta ana ruhusa ya kumsahihisha ofisa wake papo hapo. Tatizo ni hesabu. Kitabu chake cha 1947 kinasema ni asilimia 15 hadi 25 tu ya askari waliofyatua, lakini mwanahistoria Roger Spiller alipochunguza, mwaka 1988, hakukuta kwenye madaftari ya Marshall hesabu ya nani alifyatua. Mtumie Marshall kwa mtiririko wa mapigano. Asilimia zile ziache.