Niliipa sanamu mgongo kule Kandy: mambo ya kujua kabla hujaenda Sri Lanka

Nilikaa Kandy, Sri Lanka, miaka miwili nikisoma, na kosa langu la kwanza nililifanya wiki ya pili tu. Niliingia hekaluni, nikavua viatu na kofia kama wenzangu, nikaona sanamu kubwa ya Buddha ikanipendeza, basi nikageuka nikaipa mgongo nipige selfi. Mlinzi akaja mbio kunizuia. Jioni mama mwenye nyumba, tuliyezoea kumwita Amma, akanikalisha akanieleza kwamba pale picha unapiga wewe ukiwa umeitazama sanamu, mgongo haugeuziwi. Nilimwelewa hapohapo, maana hata sisi kwetu mzee akiongea humpi mgongo.

Kwa hiyo ukienda, jifunze kwanza kusoma mikono. Mimi mwanzoni niliona sanamu zote ni zilezile, kumbe mikono ndiyo inayosema. Mkono wa kulia ukishuka kwenye goti na vidole vikagusa chini, huo ni usiku ule Buddha alipokaa chini ya mti na pepo mshawishi aitwaye Mara akaja kumjaribu, naye akaiita ardhi imtolee ushahidi. Kiganja kikiinuliwa kukuelekea maana yake usiogope. Mikono yote miwili ikilala mapajani, yuko kwenye kutafakari. Na yule mzee mwenye kitambi anayecheka, anayeuzwa sana kwenye maduka ya Wachina, sio Buddha huyo jamani, ni Budai, mtawa wa Kichina.

Halafu kuna ule mti aliokaa chini yake. Wa asili ulikuwa Bodh Gaya, India, na masimulizi yao yanasema tawi lake lililetwa Anuradhapura, mji wa kale wa Sri Lanka, na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India, likapandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, na mpaka leo mti upo, una uzio na watu wanakuja kuuombea dua. Jani lake lina umbo la moyo na ncha ndefu, angalia bendera ya Sri Lanka utayaona manne kwenye pembe za ile sehemu ya simba. Maana ya majani hayo manne Amma alinihesabia kwa vidole: upendo, huruma, kufurahia mafanikio ya mwenzio, na utulivu wa moyo. Hilo la tatu ndilo lililonikaa, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote.

Kitu kingine nilichokipenda, zamani sana hawakumchonga Buddha kama mtu. Kwenye michoro ya mawe ya Sanchi, India, utakuta kiti kitupu, nyayo, mti au gurudumu, na watu wameinama mbele yake. Gurudumu likiwa na njiti nane ni ile njia yao ya kuishi yenye sehemu nane, na likiwekwa kati ya paa wawili linakumbusha mahubiri ya kwanza ya Buddha pale Sarnath, India, kwenye bustani ya paa.

Ukiiona swastika kwenye hekalu usishtuke ukaanza kumuuliza mtu habari za Hitler, alama hiyo Wabudha, Wahindu na Wajaini walikuwa nayo karne nyingi kabla yake, na kwao ni ya heri. Tatoo ya Buddha nayo ifunike, au bora usichore kabisa, maana mwaka 2014 mtalii kutoka Uingereza alirudishwa kwao kwa sababu ya tatoo ya Buddha mkononi. Wengine wanasema ni ukali uliopitiliza. Mimi baada ya kuishi nao siwalaumu, mtu akivaa kitu kitakatifu changu kama urembo nami nitaumia.

Ila kilichonigusa zaidi ya vyote ni maua. Nje ya hekalu wanauza yungiyungi, yamekunjwa petali moja moja kwa mkono, na Amma alikuwa ananinunulia kila siku ya mwezi mpevu, wote tumevaa nguo nyeupe. Unayaosha kwa maji, unayapanga juu ya meza mbele ya sanamu, na wanasoma maneno kwamba kama ua hili linavyonyauka ndivyo na mwili wangu utakavyonyauka. Yungiyungi lenyewe limetoka kwenye tope likafunguka safi, na jioni limeshalegea. Ukipewa ya kwako yapokee kwa mikono miwili na usiyanuse njiani, harufu yake umeshaitoa sadaka.