"Tutaelewana": kwa anayeanza utafiti kwenye studio za Dar

Ukiuliza wasanii "huwa mnagawanaje mapato?", kila mtu atakujibu nusu kwa nusu, nawe utatoka mikono mitupu. Uliza kuhusu wimbo mmoja, ule wa mwisho kutoka: nani alileta biti, nani alibadilisha korasi, nani alilipia sesheni, hela iliingia kwenye simu ya nani.

Vibali kwanza. Mtafiti kutoka nje ya nchi huomba COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama. Mwanafunzi wa UDSM huanzia chuoni kwake. Barua ikitoka bado itashuka mkoani na wilayani, kwa hiyo hesabu wiki, si siku.

Studio nyingi huchangamka usiku. Kaa pembeni na daftari lako. Usingoje kikao, maana mapatano hupita katikati ya kazi: prodyuza anarudia korasi mara ya tatu, anaongeza mstari wake, msanii anaupenda, anauliza, "Sasa huu tunauhesabuje?" Prodyuza anacheka: "Tutaelewana." Andika saa, maneno yenyewe na waliokuwepo. Neno hilo laweza kuwa undugu, deni au kukwepa bei, na utajua ni lipi wimbo ukishaingiza hela. Panga kurudi baada ya miezi 3, kisha 6. Anayeishia ziara moja hubaki na ahadi, akaziita makubaliano.

Msanii na prodyuza wahoji kila mmoja peke yake, kwa maswali yale yale. Viwango vya hela wanavyotaja vikipishana usisuluhishe, wala usibebe neno la huyu kwa yule; tofauti hiyo ndiyo data yako. Ukiropoka mara moja tu, habari zitakutangulia studio ya pili.

Fomu ya ridhaa huwatisha watu, hasa aliyewahi kulizwa na mkataba. Isome kwa Kiswahili chepesi, na kamati ya maadili ikiruhusu, rekodi ridhaa kwa sauti.

Soma pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mtunzi ana hakimiliki. Mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki, yaani haki itokanayo na kuimba au kurekodi, si kutunga. Usipojua hilo, prodyuza akidai kuwa ule mstari wa korasi unamfanya mtunzi, ugomvi huo utauona ni wa tamaa tu.

Soda na nauli kwa unaowahoji hazina neno. Malipo kwa saa yataleta hadithi ndefu. Na usirekodi mahojiano biti ikipigwa: saa 1 ya sauti safi hula saa 4 hadi 6 kuiandika neno kwa neno, na ile yenye besi nyuma utaishia kukisia tarakimu, nazo ndizo ulizozifuata.