Kabla ya kusaini Ulaya, itazame njia ya Wataru Endo

Kijana wa miaka 20, kiungo mkabaji, ameniandikia wiki hii. Wakala wake anamwambia Ubelgiji ni kupoteza muda, asubiri Uingereza. Mdogo wangu, usimsikilize.

Endo, kiungo mkabaji wa Japani, alitoka Urawa Reds ya kwao Julai 2018 akiwa na miaka 25. Alikuwa ametoka Kombe la Dunia kule Urusi bila kucheza hata dakika moja. Hakusubiri klabu kubwa. Alikwenda Sint-Truiden, klabu ya Ubelgiji iliyo mikononi mwa kampuni ya Kijapani ya DMM tangu 2017, mahali ambapo mchezaji wa Kijapani anapokelewa na watu wanaomwelewa. Na sisi njia hiyo tunaijua: Samatta alitoka TP Mazembe kwenda Genk, Ubelgiji hiyo hiyo, Januari 2016. Mjapani Junya Ito alimkuta pale mwaka 2019, wakatwaa ubingwa pamoja, Samatta akiwa na magoli 23 ya ligi. Januari 2020 Aston Villa wakamchukua.

Agosti 2019 Endo akaenda Stuttgart kwa mkopo, daraja la pili Ujerumani. Miezi ya mwanzo alisugua benchi. Novemba akapata namba, na hakuiachia tena. Timu ikapanda daraja 2020, naye akaja kuwa nahodha. Ana sentimita 178 tu, lakini kwa misimu miwili mfululizo, 2020/21 na 2021/22, ndiye aliyeongoza Bundesliga kwa kushinda mipira ya kugombania. Jiulize wewe unauza nini. Kiungo anayesema "nacheza popote" hana anachouza.

Tarehe 14 Mei 2022, siku ya mwisho ya msimu, Stuttgart na Köln walikuwa 1-1, na sare ile ilikuwa inawapeleka Stuttgart kwenye mechi za mchujo wa kushuka daraja. Dakika ya 92 ikapigwa kona. Hiroki Ito, Mjapani mwenzake, akaugusa mpira kwa kichwa, nao ukaelekea nguzo ya mbali. Endo alikuwa ameshafika, akamalizia kwa kichwa. 2-1, wakabaki. Agosti 2023, akiwa na miaka 30, Liverpool wakamsajili, na Februari 2024 akacheza dakika zote 120 za fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea.

Sasa mkataba wako. Kwenye mkopo, tofautisha haki ya kununua na lazima ya kununua. Ikiwa ni haki, klabu inayokuchukua kwa mkopo ndiyo inayoamua, na ukiumia goti Machi utarudishwa nyumbani Juni. Ikiwa ni lazima yenye masharti, yaani klabu hiyo inalazimika kukununua ukifikisha idadi fulani ya mechi, idadi hiyo iandikwe kwa tarakimu, na ielezwe kama dakika 10 za mwisho zinahesabiwa kuwa mechi. Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia, kwa sababu wanasoma mshahara tu.

Uingereza kibali cha kazi kinakwenda kwa pointi: mechi za timu ya taifa, ligi unayotoka, dakika ulizocheza. Mjapani Kaoru Mitoma alisajiliwa na Brighton ya Uingereza 2021 akapelekwa kwanza Union Saint-Gilloise, Ubelgiji hiyo hiyo, kwa sababu kibali kilikuwa bado. Wakala anayekwambia uruke hatua hiyo akuoneshe pointi zako kwenye karatasi.

Tena, klabu zilizokulea zina haki yao. FIFA inatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu ulizochezea tangu mwaka wa miaka 12 hadi wa 23. Ukiuzwa euro milioni 1, fungu ni euro 50,000. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una euro 2,500, na kuanzia 16 una 5,000. Klabu ya mtaani iliyokuwa na wewe misimu minne, kuanzia 16 hadi 19, inastahili 20,000. Haipati kitu kama usajili wako haukuandikwa shirikisho, kwa hiyo nenda kaulize jina lako lipo miaka gani, na tarehe ya kuzaliwa ifanane na ya pasipoti, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.